Okidi za Chumba cha Nyuma na Pua Iliyofunguka

Jumatatu, 4 Machi
Dada kanitolea uvivu. Anakitaka chumba cha nyuma. Ati wateja wake wa cherehani wanajaribia magauni nyuma ya pazia la jikoni, na mimi chumba kizima nimekijaza okidi! Nikamweleza kuwa hizi si maua ya pambo. Zinakusanywa kwa harufu. Moja hunukia ndimu, nyingine vanila, nyingine kitu ambacho binadamu hajakipa jina. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Akasema yeye usingizi ananyimwa na mishono ya watu.
Tumepatana. Jumamosi ni maonyesho ya chama cha wapenda maua. Nikinyakua tuzo ya harufu, chumba changu. Nikishindwa, cherehani inaingia, okidi zinatoka.
Nitashinda tu. Shule iliniishia darasa la sita, lakini pua haiendi shule. Ujanani nilinusa mvua wiki nzima kabla haijanyesha. Wakulima walikuwa hawapandi bila kuniuliza.

Jumanne, 5 Machi
Uvumbuzi! Kisu hunolewa, kwa nini pua isinolewe? Nimechukua dawa ya kuchua, ile kali ya kopo, yenye mnanaa na kafuri. Nikapaka chini ya pua, na ndani kidogo. Machozi! Njia zote zikafunguka hadi kisogoni. Nikazinusa okidi moja moja.
Ajabu ya Mungu. Zote zina harufu moja! Baridi, kali, inapanda ubongoni. Ya ndimu, ya vanila, hata ile ambayo haijachanua. Nikanusa kijiko cha mbolea. Nacho kimeshaambukizwa!
Kumbe chini ya harufu zote ipo moja ya siri, na mimi ndiye wa kwanza kuifikia. Nikampasha Bwana Vidonge, mfamasia mstaafu wa nyumba ya pili, mpinzani wangu. Alicheka mpaka akakalia kofia yake. Akaniuliza mara ya mwisho nilinawa uso lini. Kijicho hicho. Yeye ana okidi moja tu, ua dogo kama ukucha, ati linanukia nazi.

Alhamisi, 7 Machi
Okidi niliyouziwa na muuza miche imechanua. Aliniapia harufu yake haisahauliki, akaongeza kwamba kikishauzwa hakirudi. Ua jekundu lililoiva, lina vinyweleo, linang'aa kama ini. Nikapaka dawa, nikanusa. Ile ile ya siri! Nimempata bingwa wangu.
Ila nyumbani kuna balaa. Panya kafia mahali. Mpwa wangu anashona huku kajifunga leso puani. Mteja mmoja kakimbia na pini bado ziko mgongoni. Nimeongoza msako mwenyewe: tumehamisha kabati, jiko, kitanda. Panya hakuna! Nikawatuliza kwamba mimi mwenye pua sisikii mzoga wowote, nasikia okidi tu. Mpwa wangu akasema, "Hata sisi, Mjomba." Taratibu wanaanza kuelewa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefika maonyeshoni nikisindikizwa na nzi. Chema chajiuza! Kwa Vidonge hakutua hata mmoja. Nikamwonea huruma.
Mwamuzi, mama mwenye miwani ya kamba, aliinama juu ya ua langu. Akainuka, akashika meza, akatokwa machozi. Nikajua nimemgusa. Akasema litolewe nje. Nikadhani tuzo zinatolewa nje, nikatangulia na kuchana nywele.
Vidonge kashinda.
Dada akanikuta nje. Alinishika kisogo hadi bombani, akanisugua uso kwa sabuni ya kufulia kama mtoto wa chekechea. Watu wanatazama! Kisha Vidonge akaja na kijiua chake, akakileta puani pangu.
Nazi. Nazi inayokunwa sasa hivi, bado na maji yake! Inatoka wapi, ndani ya kitu kidogo kama ukucha? Nani alilifundisha ua nazi? Nikanusa tena. Na tena. Hata nilisahau kwamba nimeshindwa.
Nikamwambia si mbaya.
Kisha nikalinusa langu. Sitaandika.

Jumapili, 10 Machi
Cherehani imeingia. Okidi ziko uani, chini ya kamba ya nguo. Ile nyekundu Dada anataka tuizike, tena mbali.
Nimetafakari tangu chai. Kosa nimelijua. Ni sabuni! Kabla ya sabuni harufu ilikuwa moja, safi, ya siri. Baada ya sabuni, vurugu: huku nazi, kule mzoga. Pua iliyooshwa inadanganyika. Na dawa nayo ilikuwa haba.
Nimenunua kopo kubwa, lile wanalochulia wachezaji mpira. Mpwa wangu kanisihi niliache. Nikampiga chenga. Nimepaka kidole kizima kila tundu. Machozi yananitoka, hata mstari siuoni vizuri. Lakini nasikia! Uani kote, ile ile. Nimenusa kipande cha sabuni ya Dada.
Nacho kinayo!