Pua Moja, Majibu Mawili

Kwa Ndugu Msimamizi wa Maabara,

YAH: KUTOLEWA KWA MAJIBU MAWILI YANAYOPINGANA KUTOKA PUA MOJA

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mashine zenu nazo ziko salama, ingawa kuhusu hizo mashine nina mashaka, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mimi ni fundi cherehani na baba wa mapacha wa kiume wenye umri wa miaka saba. Mmoja tunamwita Chuma, kwa sababu hata sindano haimtoi chozi. Mwenzake tunamwita Sukari, kwa sababu akiona koti jeupe tu anayeyuka. Kesho, Jumamosi, familia nzima inatakiwa kupanda meli ya starehe, safari iliyoandaliwa na shemeji zangu kwa heshima ya mama yao, yaani mama mkwe wangu. Mama huyo hajawahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Kofia yake ya safari iko juu ya kabati tangu mwezi uliopita na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Ametamka wazi kwamba mjukuu mmoja akikosekana, naye haendi. Meli nayo imetamka wazi kwamba mtoto asiye na cheti cha kipimo cha korona hapandi. Ndiyo maana Jumatano tulikuja kwenu, na ndipo yakanikuta haya:

1. Mlango wa chumba chenu cha kupimia haufungwi. Sukari, akiwa bado kwenye foleni, alishuhudia kijiti cha pamba kikiingia puani mwa bwana mmoja wa miraba minne mpaka bwana yule akamwita mama yake. Mtoto akazama chini ya viti na kukumbatia mguu wa kiti. Nilipomvuta, nikagundua kwamba viti vyenu vimeunganishwa, kwa hiyo nilikuja na mtoto, safu nzima ya viti, na wagonjwa wanne waliokuwa wamekaa. Mke wangu hakuwepo kunisaidia. Alikuwa ghorofa ya juu na mama yake, kwenye foleni ya watu wazima.

2. Kutokana na uzembe huo wa mlango, nililazimika kuchukua hatua. Chuma alikwisha kupimwa na kutoka akipiga mluzi. Nikawaita wote wawili pembeni, nikawaagiza waingie chooni wabadilishane mashati, ili Chuma arudi ndani kwa jina la nduguye. Naomba ieleweke kwamba huu haukuwa udanganyifu. Ulikuwa uwakilishi. Wabunge wanawakilisha watu wasiofanana nao hata kidogo na hakuna anayelalamika, sembuse pacha kwa pacha.

Hapa nieleze jambo la kitaalamu. Watu wote huwachanganya wanangu: walimu, kinyozi, hata bibi yao. Mimi peke yangu sijawahi, kwa kuwa mashati yao yote nayashona mwenyewe. La Chuma lina mfuko kulia, la Sukari lina mfuko kushoto. Mfuko wa kushoto naurudia kushona kila mara, maana Sukari akiogopa huukamata kwa ngumi mpaka nyuzi zinaachia. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba siwajui wanangu. Mimi nawatambua hata kwa kupapasa gizani.

3. Mpimaji wenu, yule dada mwenye miwani iliyojaa ukungu, hakushtuka hata kidogo. Mtaalamu gani huyo asiyetambua pua aliyoiingia muda mfupi tu uliopita? Mimi nilikuwa mlangoni nikiangalia. Mtoto alikaa kwenye kiti, akafumba macho, akakamata mfuko wa shati kwa ngumi, likamtoka chozi moja, na hakusogea. Nikasema moyoni, huyu Chuma ni hatari, hata ngumi ya mwenzake ameiga. Mpimaji akambandikia stika ya nyota kifuani, kama alivyombandikia mara ya kwanza. Mtoto alipotoka nilimpiga begani nikamwambia, hongera Chuma, wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii. Alinitazama tu. Nikawarudisha chooni warudishiane mashati, na tulipofika nyumbani niliibandua nyota ile ya pili kwenye shati la Sukari nikambandikia Chuma, kwa kuwa haki ya mtu haiwezi kukaa kwenye mfuko wa mwingine.

4. Sasa tufike kwenye kiini cha malalamiko. Jioni mlituma majibu kwa simu. Chuma: hasi. Sukari: chanya. Ndugu Msimamizi, pua ni moja! Ni ileile, ya mtoto yuleyule, siku ileile, kijiti kikashikwa na mkono uleule. Mimi nikipima kiuno cha mteja mara mbili nikapata namba mbili tofauti, mteja huchukua kitambaa chake na kuondoka, na ana haki. Ninyi mmenitumia namba mbili kisha mkanitakia siku njema.

5. Lugha yenu nayo imeleta matatizo nyumbani. Tangu lini jambo chanya likawa baya? Mama mkwe wangu aliposikia kwamba Sukari ametoka chanya, alimshukuru Mungu kwa sauti, akamvuta mtoto kifuani na kumhamishia kitandani kwake kama zawadi. Alipoambiwa kwamba yeye mwenyewe ni hasi, alinuna mpaka usiku, akiuliza amewakosea nini watu wa maabara. Sikumsahihisha. Sukari hakuwa amepimwa, kwa hiyo sikuona ubaya wowote wa yeye kulala huko.

6. Mmeniachia swali ambalo hakuna daktari wa simu aliyeweza kulijibu: anayetakiwa kutengwa ni nani, mwenye jina au mwenye pua? Nimeamua ni mwenye pua. Chuma yuko peke yake kwenye chumba cha cherehani tangu Jumatano, analishwa kupitia dirishani, huku akinigongea ukuta na kudai kwamba yeye ni mzima. Najua ni mzima! Ninyi ndio mnaosema ni mgonjwa nusu.

Kwa kuzingatia hayo, naomba kabla ya kesho asubuhi mfute jibu la chanya na kutoa cheti kimoja cha hasi kwa pua hiyo, chenye majina mawili. Ikishindikana, Chuma yuko tayari kupimwa mara ya tatu, na wastani ukachukuliwa. Na kwa kuwa sasa ana uzoefu, niko radhi awawakilishe watoto wote waoga wa meli hiyo, mmoja baada ya mwingine. Mtaokoa vijiti, machozi na viti vyenu, nami sitadai shukrani.

Nisalimie mlinzi wa getini, mama wa usafi aliyetusaidia kuinua viti, wale wagonjwa wanne kama bado wapo, na bwana wa miraba minne.

Wako nitafutaye haki,

Fundi Cherehani,
Baba wa pua husika.

Nakala: Nahodha wa meli.

TANBIHI: Nilikuwa nalamba bahasha mke wangu alipoingia. Alikuwa amempelekea Chuma uji dirishani na kumuuliza mambo ambayo mimi sikuwahi kumuuliza. Chuma anasema alipimwa mara moja tu. Kule chooni hawakubadilishana kitu. Sukari alimwambia kwamba si haki pua ya mtu mmoja iumie mara mbili, akajifuta machozi, akaenda mwenyewe. Wakakubaliana wasiniambie, maana mpango wangu nilikuwa nimeupenda sana.

Kwa hiyo pua zilikuwa mbili, na majibu yenu yote ni sahihi. Nimemfungia mzima, na mgonjwa nimemlaza na bibi yake. Bibi ameanza kukohoa alfajiri ya leo. Kofia imeshushwa kabatini, lakini ameivaa kitandani, na yeye na Sukari wanacheza meli kwa mito. Anasema abiria wake wametimia. Chuma tumemfungulia, na mimi nimejificha humo kwenye chumba cha cherehani kwa aibu. Namba moja hadi sita nazifuta, isipokuwa ile ya mlango.

Nimemuuliza mke wangu yeye huwatambuaje. Amesema huwaangalia usoni.

Barua hii ningeichana, ila nina ombi moja limebaki. Tafadhali nitumieni stika moja ya nyota. Ile ya Sukari niliibandua kwa mkono wangu mwenyewe, naye akanitazama nikiibandua. Nataka nimrudishie mimi mwenyewe. Mke wangu amesema sawa, ila atasimama karibu kuhakikisha nambandikia yeye.