Kiti cha Zawadi Hakikaliwi

Kwa niaba ya Shirika la Ndege la Tausi, ninayo heshima ya kuutangazia umma kwamba Mpango wetu wa Maili za Shukrani umefanikiwa kupita matarajio yote. Abiria wetu wamekwisha kukusanya maili za kutosha kwenda mwezini na kurudi, tena kwa kupitia Dodoma. Kila ndege yetu ina kiti kimoja, Kiti cha Zawadi, kilichotengwa kwa ajili ya abiria mwaminifu anayetaka kuzitumia maili zake. Kiti hicho hakijawahi kukaliwa na mtu yeyote. Bado kina nailoni ya kiwandani.

Mafanikio hayo hayakuja yenyewe. Yaliletwa na Kamati ya Kulinda Viti vya Zawadi, ambayo mimi, Leodegar, ndiye Katibu wake. Ofisi yetu iko Kurasini, nyuma ya yadi ya makontena. Tuliwekwa huko makusudi, ili abiria mwenye haraka asitufikie, na mwenye subira apate nafasi ya kutafakari upya njiani.

Bi Rukaiya wa Mbagala alitufikia mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa amewahi mno. Mara ya pili alikuwa amechelewa kidogo. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, na safari yenyewe ilikuwa kesho yake.

Kwa wasiomfahamu, Bi Rukaiya anauza dagaa na mawese. Goti lake la kulia halikunjiki, kwa hiyo kupanda basi hawezi. Miaka yote amekwenda Kigoma kufuata mzigo kwa ndege zetu, mguu kaunyoosha kwenye ujia na wahudumu wanauruka. Maili zake ni nyingi kuliko za baadhi ya marubani.

"Shikamoo, Mzee Leodegar. Nimerudi."

"Marahaba, mama. Ofisi imefarijika kukuona."

"Ifarijike na kunipa kiti. Kesho, Mtwara. Nina harusi."

Nikamweleza taratibu, na kumkabidhi barua yenye mhuri, kwamba Kiti cha Zawadi hufunguliwa siku za Jumanne, isipokuwa Jumanne zenye ndege.

"Sasa Jumanne isiyo na ndege nitapanda nini, ungo?"

"Hapo ndipo abiria wengi wanapokosea, mama. Wanachanganya kupata kiti na kusafiri. Hizo ni huduma mbili tofauti."

Alinitazama juu mpaka chini. Mimi nimezoea kutazamwa.

"Mzee, usinizingue. Mie ni kungwi. Biharusi nimemfunda mwenyewe, hatoki chumbani mpaka nimtoe kwa mkono wangu. Viti vya kulipia vimeisha. Kilichobaki ndege nzima ni hicho chenu mlichokivisha nailoni kama kochi la wakwe."

Nilimweleza, kwa fahari kidogo, sababu ya ndege kujaa. Mkurugenzi wetu Mkuu, Mheshimiwa Mudathir, alikuwa anaozesha mwanawe Anwar huko huko Mtwara, na viti vyote alikuwa amewachukulia ndugu na wageni wake.

"Anwar?" akasema Bi Rukaiya. "Mwenye mwanya hapa mbele?"

"Ndiye. Kama unamfahamu, basi utaelewa uzito wa tukio hilo, na kwa nini haliwezi kuvurugwa na maombi ya mtu mmoja mmoja."

"Naelewa sana," akasema. Akatoa simu na kupiga mbele yangu. "Mama Munira? Siji. Wamenikatalia hao hao wakwe zenu. Ndiyo, kwa maandishi na mhuri. Basi mfungie mtoto ndani, asitoke mtu hapo."

Akaniaga vizuri, akaondoka akiuburuta mguu. Nikaandika kwenye taarifa ya siku: mteja ameelimishwa.

Niseme ukweli, ukungwi ni cheo cha ajabu. Hauna naibu, hauna kaimu, wala haukaimishwi kwa barua. Mtwara walimwambia baba wa bwana harusi kwa simu kwamba bila kungwi hakuna biharusi, na bila biharusi ndege nzima itakuwa imekwenda kula korosho.

Jioni Mheshimiwa Mkurugenzi aliingia ofisini kwetu kwa mara ya kwanza tangu aizindue. Alikuwa amepotea katikati ya makontena na kiatu kimoja kilikuwa na grisi. Hata shikamoo alisahau.

"Mzee Leo! Mfungulie yule mama kiti!"

"Mheshimiwa, kwa kanuni uliyoitia saini mwenyewe, kiti hufungwa siku za sikukuu, likizo, mvua na harusi."

"Naifuta!"

"Kanuni hufutwa na Kamati."

"Basi Kamati ikutane sasa hivi! Mwenyekiti wake ni nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Tumekuwa tukikusubiri."

Akakaa. Akauliza wajumbe wengine wako wapi. Nikamjulisha kwamba wote wametangulia Mtwara kwa mwaliko wake, na kwamba akidi haipatikani kwa wajumbe walio kwenye pilau.

Hapo akashika simu na kupiga namba ya huduma kwa wateja. Simu ikalia chumba cha pili, ambako Bi Atuganile hupokea maombi, na sauti yake tukaisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia ukutani.

"Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri."

"Atuganile, ni mimi Mkurugenzi!"

"Wote wanasemaga hivyo, baba. Tafadhali subiri."

Nilijivunia sana utendaji wake.

Ikabaki njia moja: mmoja wa wageni amwachie kungwi nafasi. Mheshimiwa akampigia shangazi yake kwanza. Jibu lilisikika mpaka yadi.

"Nishuke mie? Na hina hii nilokwishapaka mpaka magotini? Mwana wako, harusi yako, shuka wewe!"

Akanigeukia. Nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba tiketi za abiria wengine zina majina na majina hayabadilishwi, lakini tiketi yake, kwa agizo lake mwenyewe, haina jina. Imeandikwa MKURUGENZI tu. Anayeishika ndiye.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi Bi Rukaiya alipokelewa mlangoni mwa ndege kwa "Karibu, Mkurugenzi," akaketishwa kiti cha mbele. Kiti hicho kiko jirani na Kiti cha Zawadi, kwa kuwa Mheshimiwa hapendi kukaa karibu na mtu. Bi Rukaiya akautandaza mguu wake wa kulia juu ya nailoni mpaka Mtwara. Kamati bado haijaamua kama mguu ni abiria. Msimamo wangu ni kwamba kiti hakijakaliwa, kimelaliwa tu, tena kwa sehemu.

Mheshimiwa na mimi tulikuwa tumekwisha kuondoka tangu alfajiri, kwa basi la kusini, kutoka Mbagala. Nilifuatana naye ili asisafiri bila Katibu. Tulipata kiti cha juu ya tairi. Kabla ya Rufiji konda alipita, akatoboa kadi mbili ngumu na kutupa kila mtu yake.

"Ya nini hii?" Mheshimiwa akauliza.

"Mkipanda mara tano, ya sita bure, wazee wangu."

Mheshimiwa aliinuka kidogo, kwa macho ya kitaalamu. "Siku zipi hairuhusiwi?"

"Siku usiyokuwa na safari."

"Na kama basi limejaa?"

"Unasogea, mzee. Au watu wanasogea."

"Maombi yanapelekwa wapi?"

Konda akaniangalia mimi. "Huyu mzee mzima kweli?"

Nikamwambia ni Mkurugenzi. Akasema pole.

Tulifika jua likiwa limeshaanza kulegea. Ndugu wote walikuwa wamejaa kwenye korido ya nyumba ya kina Munira, kwao biharusi, Anwar kasimama kaloa jasho, mlango wa chumba umefungwa. Kwa desturi ya pale mlango huo hugongwa na baba wa bwana harusi. Mheshimiwa akarekebisha kofia, akagonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Rukaiya.

"Mudathir. Baba yake Anwar. Tumekuja kumchukua biharusi."

"Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri."

Wanawake wakapiga vigelegele. Tukasubiri. Shangazi mwenye hina akapiga miayo.

"Bi Rukaiya, nakuomba," Mheshimiwa akasema mlangoni. "Mtoto anaungua huku."

"Leo siku ya harusi, baba. Siku za harusi hatufungui. Kwani Jumanne una nini?"

"Bi Rukaiya!"

"Haya. Kadi ya uaminifu unayo?"

Mheshimiwa akajipapasa mifuko yote. Kadi ya Tausi alikuwa hajawahi kuwa nayo. Hakuwa na haja. Akaipitisha chini ya mlango ile aliyokuwa nayo, ya konda, yenye tundu moja.

Kadi ikavutwa ndani. Kisha komeo likalia.

"Mpisheni aingie," akasema Bi Rukaiya. "Hii inafanya kazi."