Siku Tisini za Lori la Mama Keza

Wananchi wote wenye nia njema walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ile, hakuna gari lenye asili ya kijeshi litakaloruhusiwa kuharibikia nyumbani kwa raia bila usimamizi. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ghala la mazao Kasulo, likiwa na saini ya Desderius Ntakirutimana, Katibu wa Kamati ya Muda ya Vyombo vya Asili ya Kijeshi Vitunzwavyo Majumbani. Kamati ilikuwa na wajumbe watano, mhuri mmoja na stoo moja Nyamiaga. Gari haikuwa nalo. Desderius alikwenda kwenye kazi za ukaguzi kwa bodaboda, faili kalikumbatia kifuani, na mara mbili alifika mbele ya wananchi akiwa na tope hadi masikioni. Kiongozi mwenye tope masikioni, aliwaeleza wajumbe wake, hasikiki vizuri.

Katika eneo lote lililosimamiwa na Kamati, gari lenye asili ya kijeshi lilikuwa moja tu.

Lilikuwa lori la magurudumu sita, la kijani kilichochujuka, ambalo marehemu Gaudence wa Kasulo alilinunua mnadani jeshi lilipouza magari yake chakavu. Alipofariki lilibaki kwa mjane wake Zita, ambaye kila mtu alimwita Mama Keza. Ndugu walimshauri auze, yeye akanunua spana. Alilitengeneza mwenyewe uani, kati ya migomba, akisaidiwa na Mzee Thobias, fundi aliyebakiwa na sikio moja linalosikia, na kwa sikio hilo aliweza kukwambia ni nozo ipi ya injini imeziba. Wakati wa masika, barabara ya kwenda Kaniha inapogeuka uji, malori mengine yalilala. Hilo lilipita. Maharage ya kaya arobaini yalifika sokoni kwa sababu yake, na kama lingeondoka yangeozea vihengeni. Desderius aliujua ukweli huo. Aliuandika kwenye faili chini ya kichwa "Mengineyo".

Maagizo ya Kamati yalikuwa matatu. La kwanza lilisema gari la kijeshi halitakaa bovu kwa zaidi ya siku tisini, kwa kuwa ubovu wake unaweza kumtia adui moyo. La pili lilisema kifaa chochote kitakachofunguliwa katika gari hilo kinabaki na asili yake ya kijeshi, hivyo kitakabidhiwa kwa Kamati kwa stakabadhi na hakitatoka tena. La tatu lilisema gari litakalokutwa bovu baada ya siku tisini litakuwa mali ya Kamati. Agizo la pili Desderius alilitunga mwenyewe, na alijivunia hesabu yake. Mama akifungua kifaa, amekipoteza. Asipofungua, lori linakufa. Kwa njia yoyote ile, kabla ya mavuno Kamati ingekuwa na usafiri.

Alikwenda kumsomea maagizo hayo ana kwa ana, kama utawala bora unavyotaka.

"Shikamoo, Mama Keza."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka, mikono yote miwili ikiwa ndani ya injini. "Nani huyo?"

"Ni Kamati, mama."

"Kamati, nisogezee spana namba kumi na tisa hapo kwenye beseni."

Desderius akamsogezea, kisha akasoma. Alisoma yote, pamoja na tarehe. Mama Keza alishuka kwenye bampa, akajifuta mikono kwa kipande cha kitenge, akauliza kama chujio la dizeli likifunguliwa kuoshwa nalo litakwenda Nyamiaga. Akajibiwa kwamba litakwenda. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Na nikifunga jingine?"

Desderius aliyapitia maagizo upya. Yalihusu kufungua. Kuhusu kufunga hayakusema neno.

"Kufunga," alisema, "ni hiari yako, mama."

Wiki ya kwanza stoo ilipokea chujio, starta na pampu ya maji. Wiki ya tatu ikapokea rejeta. Desderius aliandika stakabadhi kwa mwandiko mzuri, akagonga mhuri, akahesabu siku. Mama Keza naye alikwenda Nyakahura, ambako malori ya masafa marefu huchoka na kuuzwa vipande vipande, akarudi na alichokihitaji. Lori lilikuwa kuukuu: ukiligusa hapa, linadondosha pale. Kila kilichofunguliwa kiliondoka, na kila kilichoondoka kilipata mrithi.

Mwezi wa pili ilikuwa zamu ya injini. Majirani walisimika nguzo tatu za mkaratusi, wakaning'iniza mnyororo, wakaivuta juu kwa kuimba, na jioni wakalipwa mtungi wa pombe ya ndizi kama ilivyo ada ya kazi ya pamoja. Mahali pake ikaingia injini ya lori la saruji lililopinduka mteremkoni. Injini ya zamani ilifikishwa Nyamiaga juu ya lori lile lile, likivutwa na injini mpya, na Desderius alitoka kuipokea akiwa na furaha kiasi kwamba hakujiuliza imefikaje.

Taarifa ya Kamati ya mwezi huo ilisema kwamba tani mbili na robo za zana za kijeshi zimerejeshwa mikononi mwa umma bila kumwaga damu. Kutoka mkoani ikaja barua ya pongezi. Desderius akaitundika ukutani mwa stoo, juu ya gia boksi iliyokwisha kukabidhiwa.

Siku ya themanini na sita Mama Keza alileta chesesi, fremu inayobeba lori zima. Ilikuwa imepata ufa, alieleza, na Mzee Thobias alikuwa amepata nyingine nzima ya lori la mbao. Desderius aliandika stakabadhi ya thelathini na moja, pamoja na namba iliyochongwa kwenye chuma, kwa sababu alikuwa mtu makini.

Siku ya tisini alifika uani na Irine, mkaguzi kutoka mkoani, mwanamke wa maneno machache mwenye tochi na daftari. Nyuma yao wajumbe wanne walikuja na dereva waliyekwisha kumchagua. Lori lilisimama limejaa magunia. Mama Keza akapanda, akawasha. Liliwaka mara moja. Irine alilala chini akamulika, akainuka, akakung'uta magoti, akasema halina ubovu na mama aendelee na safari yake.

Desderius aliuona usafiri wa Kamati ukimponyoka. Ikabidi aseme ukweli.

"Mkaguzi, usidanganyike. Hili si gari la jeshi."

"Faili lako linasema ndilo."

"Faili ni la zamani. Injini hii ni ya saruji. Gia boksi ni ya lori la ng'ombe. Kibanda cha dereva ni cha lori la soda. Nina stakabadhi thelathini na moja, nimezisaini mwenyewe. Hapa hakuna hata nati moja ya jeshi."

"Kweli tupu," alisema Mzee Thobias.

Irine aliandika. Kisha akasema kwamba, kwa ushahidi wa Katibu mwenyewe, hilo ni lori la kawaida na haliihusu Kamati leo wala kesho. Alikuwa na swali moja tu: la jeshi liko wapi?

Mama Keza alimtolea kifurushi cha stakabadhi. "Liko Nyamiaga, kwenye stoo ya Katibu. Lote. Namba ya chesesi ni hii hapa." Akamgeukia Desderius kwa upole. "Hivi, mwanangu, linawaka?"

Walikwenda kuangalia. Ekseli ya nyuma ilikuwa benchi la wageni. Ndani ya kibanda mjumbe mmoja alikuwa ametunza chupa ya chai. Irine alimulika kila kipande, akaandika neno moja: bovu.

Desderius alikumbuka agizo la tatu, roho ikamrudi. Gari bovu, alisema, ni mali ya Kamati.

"Ndiyo, ni lenu, hongereni," alijibu Irine. "Linabaki agizo la kwanza. Mna siku tisini. Zikipita halijatembea, Kamati itavunjwa, nawe utarudi kwenye dawati la vibali vya vipaza sauti."

Kamati ilikaa kikao cha dharura, ikafuta maneno "hakitatoka tena" na kuazimia kuomba msaada wa kitaalamu. Mtaalamu alikuwa mmoja katika wilaya, Mama Keza, na alikubali baada ya maharage kwisha kusafirishwa.

Kikao cha tisa kilifanyika uani Kasulo, chini ya chesesi ya lori la jeshi. Muhtasari unaonyesha kwamba wajumbe wote watano walihudhuria, watatu wakiwa wamelala chali, na kwamba Mzee Thobias aliongoza kwa fimbo. Mama Keza hakukaa hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa na mbegu za mahindi za kupeleka Kaniha. Kabla ya kuondoka alielekeza kwamba akirudi akute gia boksi imefungwa, na mikono imeoshwa kabla ya mtu kugusa chakula chake.

Azimio hilo lilipitishwa bila kupingwa.