Rada ya Debe la Biskuti

Jumatatu, 5 Septemba 1960. Ole.

Siku kubwa leo! Inspekta Mzungu katoka Unguja, katupanga mstari kituoni Chake, katutazama viatu. Vyangu vilikuwa vinang'aa kuliko vya Bakar, konstebo mwenzangu. Nilihakikisha mapema, nilimkanyaga mlangoni.

Inspekta kasema msimu wa karafuu umeshaingia, karafuu zimeanikwa majamvini kando ya barabara zote, na magari ya shamba yanakwenda mbio kama yanafukuzwa. Anataka kesi za mwendo. Maili ishirini kwa saa, mwisho. Konstebo Bakar kapewa barabara ya Kengeja, mimi ya Ole. Jumatatu ijayo atarudi kutazama nani kafanya nini. Tepe la ukoplo ni moja. Atakayelikosa anahamishiwa Msuka, kule juu kabisa ambako barabara inachoka.

Nikaenda kumwambia mke wangu, Mwanawema. Kasema nikipata tepe atalishona mwenyewe, kwa uzi mzuri. Nikipelekwa Msuka nitakwenda na baskeli yangu. Mamaake yuko Ole, karafuu za mamaake ziko Ole, naye hatoki Ole. Nikamwambia hakuna wa kutoka, mumewe ni koplo tayari. Akacheka. Sikupenda alivyocheka. Hatujatimiza mwaka wa ndoa, na nikikesha zamu usiku mmoja tu bila kumwona hata chai hainishuki. Msuka siendi!

Adui namjua. Mjaka, dereva wa gari la shamba, lile la abiria wa Chake mpaka Konde. Vumbi lake linaingia mpaka chunguni. Kila akipita ananipigia honi na kuniita Bwana Mkubwa, kwa kejeli. Tepe langu liko kwenye gari lile.

Jumanne, 6 Septemba.

Mpango tayari. Nimeazima skuli ile saa wanayopimia mbio za watoto. Unabonyeza inakwenda, unabonyeza inasimama. Nimepaka chokaa mawe mawili, moja juu ya kilima cha Ole, moja chini. Juu yuko Konstebo Pandu, mtu mzima, anasubiri kustaafu tu. Gari likifika jiweni ananyanyua leso nyeupe, mimi chini nabonyeza. Likinifikia nabonyeza tena. Hesabu inamaliza kazi.

Asubuhi leso ikapanda. Nikabonyeza. Hakuna gari. Ikapanda tena. Hakuna gari, kuna mtu na punda. Ikapanda, ikashuka, ikapanda. Nikakwea kilima huku nahema kumuuliza ana wazimu gani. Kumbe kila apitaye anampungia mkono, na Pandu hawezi kuiacha salamu ya mtu, anajibu kwa mkono uleule wenye leso. Nikamwamuru asijibu. Akaniuliza kama mimi nimezaliwa Pemba au nimeokotwa ufukweni.

Jumatano, 7 Septemba.

Leo leso mkono wa kushoto, salamu mkono wa kulia. Akili yangu hiyo! Mjaka akatokea juu, leso ikapanda, nikabonyeza barabara. Papo hapo nyuma yangu nikasikia sabalkheri. Mama mkwe, Bi Time, na pakacha la karafuu kichwani.

Mkwe! Mtu hamwambii mkwewe angoje. Nikampa mkono, nikaubusu wake. Akaniuliza nimeamkaje, Mwanawema kaamkaje, kifua cha baba yangu kimelegea, na yule mbuzi aliyevunjika mguu anaendeleaje. Nami nikamuuliza mgongo, wachumaji, kuku, mmoja mmoja. Tulipofika kwenye alhamdulilahi ya mwisho vumbi la Mjaka lilikuwa limeshatua. Ndipo nikakumbuka kubonyeza.

Kwa mujibu wa saa ile, Mjaka kashuka kilima polepole kuliko konokono. Nilitaka kuipeleka kesi hivyohivyo. Pandu akasema hakimu atampa Mjaka zawadi. Na huko Kengeja, nasikia, Bakar keshapata kesi mbili. Huyo hana wakwe kule, ndiyo siri yake.

Alhamisi, 8 Septemba.

Sikukata tamaa hata kidogo. Karani wa kituo kanisomea gazeti. Ulaya polisi wana chombo kinaitwa rada. Kinakaa kando ya barabara, kinalitazama gari, kinautaja mwendo wake. Hakisalimiwi na mtu wala hakina mkwe.

Nikamuuliza lini kitaletwa Pemba. Akasema labda wajukuu zetu watakiona. Mimi nisubiri wajukuu? Kwa muuza kahawa kuna gramafoni bovu, nikaomba lile bomba lake. Nyumbani nikachukua debe la biskuti. Nikalitoboa ubavuni, nikachomeka bomba, nikafunga waya mbele na nyuma, nikalipaka rangi nyeusi. Mwanawema akauliza ndani mna nini. Nikamwambia hayo ni ya serikali. Akasema serikali imrudishie debe lake la unga.

Nimeliweka juu ya kisiki, jirani na jiwe la chini. Linatisha. Mwenyewe nilipopita mbele yake nilipunguza mwendo.

Ijumaa, 9 Septemba.

Baada ya sala nilikaa barazani kwa muuza kahawa, nikaeleza kwa sauti ya chini, ili isikike vizuri. Rada inaona mwendo wa gari tangu halijapiga kona. Inamjua dereva kwa jina. Hadi alasiri habari ilikuwa imefika Konde. Kesho namkamata Mjaka! Nimeshapima kwenye mkono wa shati mahali pa kushonea tepe.

Jumamosi, 10 Septemba.

Balaa! Hakuna anayekwenda mbio. Hata mmoja! Magari yanashuka kilima kama yanasindikiza jeneza. Mjaka kapita amevua kofia, abiria wake wengine wameteremka wanatembea kando ya gari wakizungumza na waliobaki juu. Walikuwa wanakwenda maulidini, huu Mfungo Sita, wakafika sinia zimeshafutwa. Lawama zote kwangu.

Bi Time kaja juu. Kasema lile dude lina jicho, na wanawake wanapita pale, basi lizibwe. Nikalifunga kitambaa. Akasema sasa ndiyo linachungulia.

Mwanawema yeye kafurahi. Kasema leo watoto wamekwenda chuoni kusoma Kurani hawakurukia mtaroni, kuku wa mamaake wanavuka barabara watakavyo, hakuna karafuu iliyoingia vumbi. Kanipikia pweza wa nazi. Kasema anajivunia mume. Nilifurahi, sikatai, lakini sifa hazishonwi begani. Nimeua kosa lenyewe, sasa nimkamate nani? Bakar ana kesi tatu.

Jumapili, 11 Septemba.

Nimepata dawa. Kama Mjaka anaiogopa rada, apewe cha kumtoa woga. Nimeshona kihirizi cha kitambaa cheusi, ndani nimetia makonyo ya karafuu na pamba. Nikamtuma Pandu akamwambie Mjaka kwamba kimetoka kwa fundi mkubwa ambaye hatajwi, kifungwe mbele ya gari, na rada haitaona kitu.

Pandu akaniuliza kama ni kazi ya polisi kumtia mtu moyo wa kuvunja sheria. Nikamwambia mvuvi anatia chambo na hakuna anayemuuliza. Akaondoka akitikisa kichwa. Watu wa zamani hawa hawawezi mambo ya kisasa.

Jioni karudi. Mjaka kakipokea kwa mikono miwili na kakifunga palepale. Mwanawema, tayarisha sindano!

Jumatatu, 12 Septemba.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaeleza kwa utaratibu.

Inspekta alifika asubuhi. Pandu nilimpanga chini safari hii, mimi na Inspekta juu, na rada tukaihamishia juu, kwa sababu Mjaka alikuwa anatoka upande wa juu. Saa ya skuli nilimkabidhi Inspekta mwenyewe, kwa heshima. Mara honi! Mjaka huyo, kihirizi kinapepea mbele, gari linaruka. Akatupungia mkono, akapita. Nikapiga kelele kwamba umeona, Bwana, umeona mwendo!

Inspekta alikuwa anaitazama rada, saa hakuibonyeza. Akauliza chombo kinasema maili ngapi. Nikasema nyingi. Akauliza ngapi. Akainua mfuniko wa debe, uliokuwa umekaa upande. Ndani mlikuwa na yai la kuku, bado lina moto. La kuku wa Bi Time, nalijua kwa rangi. 

Mtu mwingine angesimama pale akaaibika. Mimi nilirukia baskeli nikamfukuza mhalifu! Kilima cha Ole ni kikali, na breki za baskeli yangu nilikuwa nimezivua kupata waya wa rada. Nilimkaribia kweli. Ningemkamata. Lakini pale chini kona inapinda, na mimi sikupinda. Nikaingia kwenye majamvi ya Bi Time, mavuno yote ya wiki, nikatokea upande wa pili kwenye mihogo.

Ukunga aliopiga Bi Time ulimsimamisha Mjaka. Alirudi, akaniinua, akaniuliza wapi panauma, kisha akawateremsha abiria wake wote wakaokote karafuu mchangani. Kisha akaninong'oneza kwamba kile kihirizi ni kikali ajabu, hakikumficha tu, kimemgeukia mwenye rada.

Hayo si kitu. Pandu, kwa utiifu wake, aliponiona napita jiweni alinyanyua leso. Na Inspekta kule juu alikuwa amebonyeza saa nilipoanza kushuka. Hesabu ikafanywa. Kesi ya mwendo kutoka barabara ya Ole imepatikana, moja, na mshitakiwa ni mimi. Bi Time kasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Halafu hakuniambia pole.

Jumatano, 14 Septemba.

Bakar koplo. Bakar! Kaja kuniaga na tepe begani, viatu vichafu. Mimi Msuka, kesho.

Mwanawema kalia, lakini neno lake ni lilelile. "Mie Msuka sendi, Jaribu. Nlikwambia." Kasema pia kwamba nilikuwa na tepe tangu Jumamosi, nikalichana mwenyewe. Sikumwelewa. Jumamosi sikukamata mtu.

Siombi radhi kwa mtu. Rada ilikuwa nzuri, tatizo ni kuku. Nimeifunga juu ya baskeli, naondoka nayo.

Ijumaa, 30 Septemba. Msuka.

Hapa hapapiti kitu. Gari la ng'ombe la Mzee Mmanga, basi. Nimelipima. Ng'ombe alisimama katikati ya mawe mawili, akala majani ya mtu, akajilaza. Nimemwonya Mzee Mmanga kwamba hata kusimama ni kosa. Akanipa ndizi.

Chumba kimoja, mto mmoja. Namkumbuka Mwanawema mpaka nasikia sauti ya kinu chake pasipo na kinu. Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: angekuja, ningeacha yote, tepe na rada na Bakar. Wallahi ningeacha.

Jumapili, 2 Oktoba.

Amekuja!

Nimetoka msikitini kuswali alasiri, maji ya udhu hayajakauka kwenye kanzu, nikasikia honi ninayoijua. Gari la Mjaka, hapa Msuka! Mjaka hafiki Msuka ila kwa kukodiwa. Na aliyekaa mbele, buibui jipya, jungu miguuni, kuku mapajani, ni Mwanawema wangu. Godoro juu ya gari.  Machozi yalinitoka mbele ya watu wa msikitini wote na sikuyafuta.

Kasema nyumba imekuwa kimya mno bila kelele zangu. Kasema mamaake kaniwia radhi, karafuu zimepatikana nyingi kuliko alivyodhani. Mjaka akateremsha godoro, akanipa mkono, akasema tuyasahau ya nyuma. Kile kihirizi bado kiko mbele ya gari. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu siku ya harusi.

Nikamuuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mkewe safari, walitoka Ole saa ngapi.

Kasema muadhini wa Ole alikuwa anaadhini alasiri wakati wao wanapanda garini.

Alasiri. Ole. Na mimi alasiri ileile ndiyo kwanza natoka kuiswali, Msuka. Maili zile zote, vilima vile vyote, mteremko wa Konde. Nilijaribu kuizuia hesabu, ikaja yenyewe.

Mwanawema akaniona nahesabu kwa vidole. Akasema Mjaka hana kosa, ni yeye aliyemhimiza njia nzima akaze mwendo, alikuwa na hamu na mimi. Nikamwambia hilo aliseme vilevile mahakamani, litamsaidia sana.

Nimemwandikia Mjaka kesi. Mwanawema nimemwandika shahidi wa kwanza.  Alipanda garini, kuku mapajani, godoro likarudi juu, na wakaondoka kwa mwendo ambao pia nimeupima.

Hana pa kwenda. Shahidi akiitwa mahakamani lazima afike, hiyo ndiyo sheria, hata awe na hasira vipi. Kesi itasikilizwa Wete. Nitakaa benchi la mbele, viatu vinang'aa. Tutaonana tu.