Uzinduzi wa Makumbusho ya Kaburi la Kale, Kaloleni

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, naibu wako ambaye pia ni shemeji yangu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini zote, akina mama mlioketi juani kwa moyo mkunjufu, wenye vibanda mliotoka soko la Jericho kwa hiari baada ya kuletwa na askari, mabibi na mabwana, na mimi mwenyewe, diwani wenu, hamjambo? (Wachache: Hatujambo.) Nimesema hamjambo! (Mtoto analia.)

Nilipouzungushia mabati uwanja wa watoto wenu, mlinung'unika. Huyu Mama Eve hapa mbele amenifuata ofisini hadi kiti changu kikamzoea, akiuliza watoto wachezee wapi, barabarani? Mama Eve, leo utapata jibu. Keti. (Mama Eve haketi. Ana mtoto mgongoni.)

Ndugu zangu, katika mchakato shirikishi wa kuchimba shimo la nguzo ya picha yangu, tulifukua kaburi la kale! Marehemu, huyu hapa mezani, alilazwa ndani ya chungu, akafungwa kitambaa cha maua, akavishwa shanga, na juu yake msalaba wa vijiti. Mastekihoda, yaani wadau, wameketi, framiweki imepitishwa, na matokeo ni kwamba chungu kilitoka upande wa Mlima Kenya, shanga zikatoka Somalia, maana yake watu walihama mbali, wakakutana hapa Kaloleni na kuzikana, kwa uhakika wa asilimia mia moja na nne! (Makofi ya shemeji.) Mifupa nayo yathibitisha kwamba mababu zetu walikuwa wafupi mno, na walikuwa na mkia. (Wasichana wawili wanasogea kuchungulia mezani.)

(Hibaq, binti wa Shamso, jirani wa Mama Eve, anapaza sauti: "Huyo ni Chapo! Paka wetu!" Eve: "Tulimzika mimi na yeye! Na hicho ni chungu cha mum cha kupikia githeri, kilipasuka!")

Watoto watulizwe. (Shamso: "Na kitambaa ni dera langu. Nimelitafuta Ramadhani nzima!") Asante, mama, mchango wako utanakiliwa kama ushahidi wa biashara ya kale ya nguo.

(Mama Eve: "Basi ni kweli, mheshimiwa. Familia zetu zimetoka mbali, watoto wakakutana, wakazika pamoja. Lakini walikutania wapi? Si mle ndani ya mabati, wakicheza? Fungua geti.")

Sayansi haifungui geti ovyo, mama! Hapa patasimama ghorofa saba za urithi, lifti, na mkahawa wa watalii. Tuseme pamoja: Chungu! (Chetu!) Kaburi! (La Chapo!) Maendeleo! (Fungua geti!)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wenye hema, mwenye spika, na msanii aliyechora makumbusho haya kwenye bango, kwa kuwa hapo ndipo yalipo na ndipo yatakapobaki. Na kipekee Bwana Muoki, aliyetukodishia mabati ya uzio, ambaye malipo yake bado yako njiani, na naona ameshakuja na nyundo. Muoki, ndugu yangu, ngoja basi nishuke jukwaani.

(Muoki hangoji. Bati la kwanza linaanguka. Eve na Hibaq wanabeba chungu chao, Chapo akiwa ndani, na kuingia uwanjani. Mama Eve anashika ncha ya bati la pili: "Mzikeni vizuri, wanangu. Halafu mje mnawe mikono.")