Panya Wangu Hawalambi Mguu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Miaka kumi na tisa naosha vizimba vya panya hapa maabara. Leo Daktari katangaza: mpimaji wake kaacha kazi, anataka mtu mwingine wa kupima maumivu ya panya. Mimi! Nani tena? Panya hawa wananijua kuliko mama zao. Kumbe na shemeji yangu, dada wa mke wangu, muosha chupa, naye kanyoosha mkono. Daktari kasema tujaribu wote, kila mtu na panya wake. Atakayepima vizuri, kiti ni chake. Kiti chenye mto!

Jumanne, tarehe 4

Kazi rahisi. Unamweka panya juu ya sahani ya chuma yenye joto, unabonyeza saa. Akilamba mguu wa nyuma, ameumia. Unabonyeza tena, unamtoa. Zikifika sekunde thelathini unamtoa hata kama hajalamba, asije akaungua. Wengine wamechomwa sindano ya dawa mpya ya maumivu, wengine maji matupu. Nani kapata nini, anajua Daktari peke yake. Panya wa shemeji: nane, tisa, ishirini na sita, saba. Walegevu! Wangu hakuna chini ya ishirini. Nikamwambia hayo ni malezi. Kanijibu eti nimeshika saa kichwa chini.

Jumatano, tarehe 5

Mpango kabambe. Nimetandika koti langu la kazi juu ya vizimba vya panya wangu, wanizoee. Wiki tatu halijaona sabuni. Halafu nikakaa nao, nikawasimulia nilivyomkamata chatu kwa mkono mmoja. (Zamani nilisema miwili. Nilikuwa mnyenyekevu.) Matokeo: thelathini, thelathini, thelathini! Hakuna aliyelamba. Kiti changu.

Alhamisi, tarehe 6

Daktari kafungua daftari langu, kashika kichwa. Waliopewa maji wamedumu sawa na waliopewa dawa! Kwa hesabu zangu, dawa aliyoihangaikia miaka minne haina kazi. Akaliona koti. Kalitoa nje kwa koleo. Kaeleza kwamba panya akinusa jasho la mwanamume huingiwa na hofu, na ile hofu inamfanya asisikie maumivu kwa muda. Hawajapona, wameogopa tu. Shemeji kacheka mpaka kakaa sakafuni. Eti dada yake anaijua hofu hiyo mwaka wa thelathini sasa.

Ijumaa, tarehe 7

Kiti kapewa shemeji. Mimi nirudi kwenye vizimba, na chumba cha kupimia nisikaribie. Sawa. Lakini nimekaa nikawaza. Daktari si kasema mwenyewe, wakininusa hawasikii maumivu? Basi dawa ni mimi! Yeye miaka minne, mimi koti moja. Nimemwomba anipime. Kanipa kipande cha sabuni.

Jumapili, tarehe 9

Hawaniwezi! Mama watoto analalamika mgongo tangu juzi, hata kugeuka kitandani hawezi. Siku tatu nimejizuia kuoga. Leo mchana nimevaa lile koti, nikaketi karibu na kichwa chake, saa mkononi. Dakika ya kwanza, kimya. Hakuguna hata kidogo! Ya pili, kainuka mwenyewe, mgongo wima kama mlingoti, kabeba mkoba na mto, kaenda kwa dada yake mbio mbio. Mbio! Mgonjwa wa mgongo! Nimeandika: dakika mbili, amepona kabisa. Kesho asubuhi Daktari anakuta daftari mezani kwake.