Lebo ya Mfano Imemng'oesha Mama Mlango

Jamani, leo nimeaibika. Bado siamini. Nimekaa hapa nje ya nyumba yetu naandika ili nisilie.

Ofisi yetu hapa Kolwezi, Kongo, inapokea simu za watu wanaokaa karibu na machimbo. Wengi ni wa Kasulo, mtaa ambao watu wamechimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Nyumba zinapasuka, nyingine zinadidimia, familia zinaondolewa. Sasa tumeletewa programu mpya. Kila simu inayoingia unaibandika lebo: nyufa, vumbi, kuhama. Mimi nimepewa kazi ya kuandika mwongozo wa namna ya kuunda lebo hizo. (Niliomba mwenyewe. Nilitaka sifa.)

Asubuhi nikafika kwenye mfano. Mwongozo bila mfano haunogi. Nikaunda lebo, nikaiita MFANO. Programu ikauliza: ibandikwe kwenye simu zipi? Nikachagua ya kwanza niliyoiona: simu zilizokatwa kabla ya kupokelewa. Ikauliza: wapiga simu watumiwe ujumbe gani? Nikachagua wa kwanza tena, bila kuusoma. Ikauliza kama ianze na simu za leo asubuhi. Nikakubali, ili picha yangu isionekane tupu. Nikabonyeza Hifadhi. Nikapiga picha ya skrini. Nzuri kweli! Nikaiweka kwenye ukurasa ule ule nilioandika, kwa herufi nene, ONYO: USIFANYE JARIBIO KWENYE SIMU ZA WATU.

Sasa niambieni, nani Kolwezi anapiga simu akangoja ipokelewe? Sisi tunabip! Unabip, unakata, unangoja upigiwe. Kwa waliotengeneza programu labda simu iliyokatwa ni ajali. Kwetu ni salamu. Na mimi mtoto wa Kolwezi sikukumbuka.

Nikaingia mkutanoni kumwonyesha shefu, yaani mkuu wetu wa ofisi, mwongozo, pamoja na wageni wake wawili kutoka Lubumbashi. Nimevaa kitenge kipya. Naongea Kifaransa cha puani. Katikati ya hatua ya tatu, simu za ofisi zikaanza kulia zote kwa pamoja. Nikatabasamu. "Mnaona," nikawaambia wageni, "watu wanatuamini."

Mlinzi akachungulia mlangoni.

"Ngalula, kuya mbiyo! Kuko mama moja huku inje na matela. Anasema ye ni mama yako."

Tukatoka wote. (Kwa nini tulitoka wote? Wageni walifuata nini?)

Mama yangu mzazi alikuwa amesimama getini kando ya pikipiki ya magurudumu matatu. Ndani yake kuna hiyo matela, yaani godoro, masufuria, picha ya marehemu baba, kuku wawili wamefungwa miguu. Na juu ya vyote, mlango. Mlango wa nyumba yetu ya Kasulo, na bawaba zake!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila asubuhi mama, ninayemwacha bado amelala, hubip namba ya ofisi. Maana yake ameamka salama na nyumba bado imesimama. Leo bip hiyo ilijibiwa na ule ujumbe wa kwanza niliouchagua: nyumba yake imo kwenye eneo la kuhamishwa, atayarishe vitu, gari linakuja.

Shefu akamsogelea kwa heshima. "Mama, juu ya nini umekuya na mulango?"

"Mulinitumia message asema gari inakuya. Miye siwezi ngoya gari, tata. Wakati balitufukuzaka juu tuko batu ba Kasai, nilifungaka mulango muzuri na funguo, tukaenda ku gare kungoya treni. Funguo niko naye mupaka leo." Akalifungua fundo la kitenge, akamwonyesha. (Zamani watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa huku kwetu, wakangoja treni stesheni, nyumba zao zikachukuliwa.) "Mulango balibakia nao bengine. Ile mara niliacha. Leo siachi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kisha akanielekezea kidole mbele ya wote, kwa fahari kabisa. "Muulize mutoto yangu. Ye njo anajuaka ile mashini."

Shefu akageuka taratibu. "Ngalula. Ni nani alitengeneza ile etiketi?"

Mgeni mmoja alikuwa ameshika nakala ya mwongozo wangu, amefika kwenye picha. Chini ya etiketi hiyo, lebo yangu ya MFANO, pameandikwa: Imeundwa na Ngalula.

Nimewapigia simu wote waliobip, mmoja mmoja, kuwaomba msamaha. Wengine walikuwa wameshaanza kung'oa mabati. Mzee mmoja wa mtaa wa Musonoi alisema asante tu, akakata. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko walionitukana.

Mama nimemrudisha nyumbani na vitu vyake. Godoro limeingia, kuku wamefunguliwa. Mlango ameuegemeza tu kwenye fremu, hataki nifunge bawaba.

"Maliza kwanza ile kitabu yako, message ingine isikuye," ameniambia. "Kisha njo tutagongomea."

Kwa hiyo kwetu tunalala wazi mpaka nimalize hatua ya tatu. Asicheke mtu. Na anayetaka kunipa pole apige simu angoje niipokee, asinibip.